Nchi ya Ndiyo na Siyo

Aliyekwenda akarudi ndiye mwenye la kusimulia. Shekue, fundi mizani, alikwenda, akakaa majuma saba, akarudi; na aliyoyaona huko nchini Kauli ni haya.

Shekue alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye mikono isiyoisha harufu ya grisi. Alitengeneza mizani za kila namna: za sokoni, za maghala ya pamba, na zile za kutundika zinazopimia watoto wachanga. Huko Kauli aliitwa kwa barua ya mstari mmoja: "Mizani yetu inadanganya, njoo." Chini ilitiwa saini na Bi Sikudhani, muuguzi wa Nyumba ya Afya ya mji wa Kitongo.

Mpakani alimkuta karani na vitabu viwili mezani, kimoja kulia, kimoja kushoto.

"Ndiyo au Siyo?" karani aliuliza.

"Swali ni lipi, bwana?"

"Swali halina kazi hapa. Tunaandika jibu."

Shekue alifikiri, akasema hajui. Karani akaguna, akatoa kikaratasi chekundu na kukigonga muhuri: HAJAJIBU. Akamwonya asikipoteze, maana pasipo hicho asingeruhusiwa kunywa maji ya kisima chochote.

Na kweli, visima vya kila mji vilikuwa viwili, kimoja cha Ndiyo na kimoja cha Siyo. Vinyozi wawili, waoka mikate wawili. Msibani walitandika mikeka miwili, na kama marehemu alikufa bila kujulikana msimamo wake, maziko yalisubiri mpaka jamaa waafikiane. Ndiyo wakikutana walisalimiana, "Mwenzenu yupo?" na jibu lilikuwa, "Yupo nasi!" Siyo walisalimiana, "Hali?" na jibu lilikuwa, "Mbaya, na bado." Shekue alimsikia muoka mikate wa Siyo, aliyemwozesha binti yake juzi yake na uso ukimng'aa kwa raha, akijibu "Mbaya, na bado" kwa sauti ya majonzi ambayo ilimbidi aitafute kwanza.

Mwenzenu ndiye aliyekuwa rais. Jina alilopewa na wazazi wake lilikatazwa kutajwa, kwa kuwa, alisema, rais mwenye jina la peke yake amejitenga na watu. Aliishi katika jumba lenye kuta tatu, mmoja ndani ya mwingine, na kila asubuhi sauti yake ilitoka kwenye vipaza sauti vya nguzoni: "Mwenzenu nimeamka. Mwenzenu nimekunywa uji, kama ninyi." Ndiyo walikubali kila alichosema na Siyo walikataa kila alichosema. Siku aliyotangaza kwamba mvua itanyesha, Siyo walitoka bila miavuli, wakalowa chepechepe, wakarudi majumbani wakisema ule ulikuwa umande.

Bi Sikudhani alimpokea Shekue mlangoni. Alikuwa mwanamke mfupi, wa miaka hamsini na kitu, mwenye kusema kama anayekata uzi kwa meno.

"Mizani ile pale. Inanenepesha kila mtoto. Mimi nawaona wamekonda, yenyewe inasema wazima. Nataka kujua mwongo ni nani, yenyewe au macho yangu."

Shekue aliishusha, akaifungua. Springi ilikuwa imechoka. Kila mtoto alikuwa akizidishiwa karibu nusu kilo. Alipokuwa akiibadilisha, macho yake yakaangukia karatasi iliyobandikwa ukutani. Ilikuwa Sheria ya Nafuu Kubwa, mistari mitatu tu. Wa kwanza ulisema muhuri umefutwa. Wa pili ulisema Nyumba zote za Afya zifungwe Ijumaa ya mwisho wa mwezi na makabati yake yapigwe lakiri, kuingojea Nafuu Kubwa. Wa tatu ulisema kwamba, kwa kuwa watoto wa Kauli wamenenepa kwa furaha, hakuna haja tena ya kuwapima, na mizani zote zikabidhiwe Ofisi ya Makubaliano.

"Muhuri gani huo?" Shekue aliuliza.

"Nyumba hizi walizijenga Siyo walipotawala," alijibu Bi Sikudhani. "Wakazijenga vizuri, tuwape haki yao. Lakini wakatunga sheria kwamba dawa haitoki kabatini bila muhuri wa daktari mkuu, kutoka mji mkuu. Muhuri ulichukua majuma matatu. Kuhara hakungoji majuma matatu, fundi. Hapo ndipo Mwenzenu alipopanda juu ya pipa sokoni akapiga kelele kuhusu muhuri. Na alisema kweli. Mtu asikudanganye kwamba alianza kwa uongo. Alisema kweli moja, watu wakamwamini kwa mia."

"Na Nafuu Kubwa ni nini?"

"Ndiyo wanasema ni kubwa. Siyo wanasema ni ndogo."

"Wameisoma sheria?"

"Ndiyo hawakuisoma kwa sababu wanaiamini. Siyo hawakuisoma kwa sababu hawaiamini. Nami nimewaomba wote wawili: shikeni mstari wa kwanza, chaneni miwili inayofuata. Ndiyo wakaniita Siyo. Siyo wakaniita Ndiyo."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na kufunga kulikuwa kesho yake. Kabla ya adhuhuri aliingia mwanamke kijana aitwaye Chiku, na mtoto wa miezi tisa mgongoni. Shingoni alivaa mkufu wa shanga za kijani, alama ya Ndiyo. Mtoto, aitwaye Masika, hakulia alipofunguliwa mbeleko, wala hakugeuza kichwa. Alikuwa akihara kwa siku tano.

Wakamtundika. Mshale ukasimama kwenye kilo tano na robo.

"Mwezi uliopita alikuwa na sita!" Chiku alisema.

"Mwezi uliopita mizani ilidanganya, mwanangu," alisema Bi Sikudhani. "Na hata tukitoa uongo wake, bado amepungua."

Chiku akamgeukia fundi, macho makali. "Mizani yako ni ya upande gani?"

Shekue alichukua jiwe la kilo moja kutoka mkobani, akalitundika. Mshale ukaonyesha moja. Akaongeza la pili, ukaonyesha mbili. Akaliweka lile la kwanza kiganjani mwa Chiku. "Jiwe hili kwetu ni kilo moja, mama. Nimekuja nalo hapa, bado ni kilo moja."

Chiku alilishika jiwe lile kwa muda. Kisha akakaa chini, na maneno yakamtoka polepole. "Wa kwanza alifia mikononi mwangu siku ya kumi na nane, tukingoja muhuri. Muhuri ulifika tukiwa matangani. Nilipomsikia Mwenzenu juu ya pipa lile, nililia mbele za watu. Hakuna mwingine aliyewahi kulisema jambo langu kwa sauti. Sasa unaniambia amekosea?"

"Sikuambii chochote juu yake," alisema Bi Sikudhani. "Nakuambia mwanao ana kilo tano na robo."

Akafungua kabati, akatoa vidonge, unga wa maziwa na pakiti za chumvi ya kuchanganya na maji. Alikuwa bado anakoroga wakati mlango uliposukumwa na Mwalimu Lukindo, kiongozi wa Siyo mjini hapo, mtu mrefu mwenye miwani, aliyekuwa amesikia kila kitu dirishani.

"Kilo tano na robo!" alisema, sauti ikimtetemeka kwa shangwe. "Hii ndiyo hoja. Jumamosi kuna Baraza la Kubishana. Mleteni mtoto huyu nimwinue juu, watu wamwone. Ila, Bi Sikudhani, nakuomba, dawa usimpe kwanza. Ni siku mbili tu. Akichangamka atatuharibia."

Kijiko cha muuguzi kilisimama ndani ya kikombe.

"Toka," alisema Bi Sikudhani.

"Nafikiria watoto wote wa Kauli, wewe unafikiria mmoja…"

"Toka kabla sijakumwagia."

Lukindo akatoka. Chiku alimnywesha mtoto kijiko baada ya kijiko, na Masika akameza. Bi Sikudhani akamwelekeza arudi kila siku kwa siku kumi, asikose hata moja.

Kesho yake Chiku aliporudi alimkuta Bwana Fumbwe, mkuu wa Ofisi ya Makubaliano, mnene, mcheshi, akiyeyusha lakiri juu ya mshumaa. Wenzake walikuwa wanaibeba mizani.

"Binti yetu!" Fumbwe alimkaribisha, maana alimjua tangu enzi za pipa. Akanyoosha mkono kumfinya mtoto shavu, vidole visipate cha kufinya. "Amenawiri! Alhamdulillahi, amenawiri!"

"Anahara, Bwana Fumbwe. Nimefuata dawa yake ya leo."

"Nafuu Kubwa iko njiani. Kwa sasa mwimbie. Watoto wetu wananenepa kwa furaha."

Bi Sikudhani akasogea, kidole kwenye karatasi ya ukutani. "Mstari wa kwanza unaniruhusu kutoa dawa bila muhuri."

"Unakuruhusu kutoa dawa," Fumbwe alikubali kwa upole, akikandamiza lakiri kwenye tundu la kabati, "na wa pili unakufungia kabati. Hapo ndipo ilipo hekima yake."

Chiku alirudi nyumbani mikono mitupu. Siku nzima alimwimbia Masika. Jioni mtoto alitapika maji, macho yakazidi kuzama, na Chiku akagundua kwamba wimbo aliokuwa akiuimba, bila kufikiri, ni ule ule aliomwimbia wa kwanza.

Baraza la Kubishana lilifanyika Jumamosi uwanjani. Katikati palichorwa mstari wa chokaa. Ndiyo walikaa mashariki yake, Siyo magharibi. Shekue, kwa sababu ya kikaratasi chake chekundu, alikalishwa juu ya ukuta. Utaratibu ulimshangaza hata yeye aliyekwisha kuzoea. Kila upande ulipewa nusu saa, na upande mwingine ulipokuwa ukisema, sheria iliwataka wasikilizaji wazibe masikio kwa pamba, wasije wakashawishika. Wazee walipitisha makapu ya pamba. Ilikuwa pamba ya Nyumba ya Afya. Bi Sikudhani aliitambua karatasi yake ya bluu.

Fumbwe alisema nusu saa kwamba Nafuu Kubwa ni kubwa. Ndiyo wakalipuka kwa vigelegele. Filimbi ikalia, pamba zikabadilishana masikio, na Lukindo akasema nusu saa kwamba ni ndogo, na kwamba muhuri urudishwe hima, kwa heshima ya waliouanzisha. Siyo wakapiga miguu chini. Bi Sikudhani aliomba kusema. Mwenyekiti akamuuliza ni wa upande gani.

"Wa wagonjwa."

"Upande huo hauna dakika."

Wakati huo Chiku aliinuka kati ya Ndiyo. Masika alikuwa kifuani mwake, ametulia mno. Alitembea mpaka kwenye mstari wa chokaa, mahali ambapo mtu haruhusiwi kukanyaga, akasimama juu yake.

"Toeni pamba," alisema. Kwanza kwa sauti ya kawaida. Kisha akapaza: "Toeni pamba! Wote!"

Baadhi walitoa kwa mshangao tu.

"Mnanijua. Mkufu huu ni wa Ndiyo, nami sijauvua. Mwanangu wa kwanza aliuawa na muhuri wa hawa." Akawaelekezea Siyo mkono. "Na juzi mwalimu wao alitaka huyu wa pili anyimwe dawa mpaka leo, apate cha kuinua juu. Lukindo, kataa nikusikie!"

Lukindo akatazama viatu vyake.

"Na nyie wangu." Akawageukia Ndiyo. "Nyie wangu ndio mlionyanyaswa pamoja nami. Tuliimba pamoja. Jana mmenifungia kabati mbele ya macho yangu, mkaniambia niimbe. Nimeimba. Mtazameni! Kufuta muhuri? Nasema Ndiyo! Kufunga nyumba? Nasema Siyo!"

Uwanja mzima ulinywea. Kwa miaka kumi hakuna aliyewahi kuyasikia maneno yale mawili katika kinywa kimoja. Fumbwe akakimbilia kitabu cha sheria, akasoma kwa sauti, jasho likimtiririka: "Mtu yeyote atakayetamka Ndiyo na Siyo kwa pumzi moja atahesabiwa kuwa amerukwa na akili, na atapelekwa mara moja, bila kuchelewa, kwenye Nyumba ya Afya iliyo karibu."

Chiku akamtazama.

"Haya," akasema. "Nipelekeni."

"Imefungwa," alisema Fumbwe.

"Sheria imesema mara moja. Ni ya Mwenzenu, au siyo ya Mwenzenu?"

Ndipo mwanamke mmoja wa Siyo, mwenye mimba ya miezi minane, akainuka upande wa pili akasema, "Muhuri uondoke, Ndiyo. Nyumba ifungwe, Siyo. Hata mimi nimerukwa na akili." Akaja kusimama kwenye chokaa. Akafuata kikongwe wa Ndiyo, aliyesema maneno yote mawili kwa kuyarudia mara tatu ili asije akaachwa. Wakaja wanne, wakaja kumi. Wanaume nao wakaanza kuja, wengine wakiwa bado na pamba katika sikio moja. Shekue akateremka ukutani. Alikuwa mgeni na aliogopa, miguu ikimwambia abaki. Lakini alikwisha kumtundika mtoto yule kwenye mizani kwa mikono yake mwenyewe, na namba ile ilikataa kumtoka kichwani.

Wagonjwa wa akili mia na zaidi wakatembea mpaka Nyumba ya Afya. Mgambo wawili waliokuwa mlangoni walisomewa sheria ile, wakatazamana, wakafungua. Mbele ya kabati Shekue akampa Bi Sikudhani bisibisi yake kubwa. Muuguzi hakusita. Aliing'oa lakiri kwa pigo moja, vipande vikaruka sakafuni, na Masika akanyweshwa kijiko chake cha kwanza tangu Alhamisi.

Bi Sikudhani alikamatwa siku iliyofuata kwa kosa la kuvunja lakiri. Alifunga kilemba chake kwa utulivu, akamwonyesha Chiku vipimo vya chumvi na vidonge, mara ngapi na kwa nani, akawaambia mgambo, "Msinishike, njia naijua." Alikaa korokoroni siku kumi na moja. Siku zote hizo wanawake wa Kitongo hawakuiacha ile nyumba: wakikaa kizingitini kwa zamu, Ndiyo na Siyo bega kwa bega, wakigombana kutwa juu ya Mwenzenu, maana hakuna aliyebadili imani yake, lakini wakinyamaza mgambo wakitokea, na hakuna aliyeondoka. Fumbwe aliwaita wasaliti. Lukindo aliwaita wasaliti. Shekue alitengeneza mizani nyingine kwa springi ya kitanda na kipande cha bati, akaikadiria kwa mawe yake. Siku ya tisa Masika alipimwa, akapiga yowe la hasira lililosikika barabarani. Kilo tano na robo tatu. Chiku alikaa chini ya mizani ile, akalia kwa kwikwi kwa mara ya kwanza tangu mambo yaanze.

Habari zikaenea. Mji wa pili ukarukwa na akili, kisha wa tatu. Siku ya kumi na moja, vipaza sauti vikatangaza: "Mwenzenu ninayo furaha. Nafuu Kubwa imefika! Iko Kitongo!" Jioni hiyo hiyo Siyo wakatoa tamko lao, kwamba nyumba ya Kitongo ni kazi yao tangu msingi, na hawakuwahi kutaka ifungwe. Muhuri haukutajwa na upande wowote, wala haukurudi. Bi Sikudhani akaachiwa bila maelezo, akarudi, akanawa mikono, akaanza kazi.

Yakaletwa mabango mawili ya kufunika ukuta, ya kitambaa kizito cha pamba. La kwanza lilikuwa na uso wa Mwenzenu, mita nne kwa sita. La pili lilikuwa na majina ya viongozi wote wa Siyo, walio hai na waliokufa. Yalitundikwa siku moja. Asubuhi iliyofuata hayakuwapo.

Juma lililofuata akaja mjumbe wa ikulu kufungua rasmi, na utepe, na wapiga picha, Fumbwe akimtangulia na Lukindo akijipenyeza nyuma. Ukuta ulikuwa mtupu. Ndani palijaa kina mama, na foleni ilifika uani. Shekue alikuwa pembeni akifunga mkoba wake wa safari.

"Mabango yako wapi?" mjumbe akauliza.

Chiku, aliyekuwa na mtoto kiunoni, akatazama pembeni, mabega yakimtikisika. Bi Sikudhani hakuinua macho kutoka kwenye mizani. Alinyoosha tu kidole dirishani, kuelekea kamba ya kuanikia nguo. Nepi zilikuwa zimepangwa juani, safu mbili, kama themanini hivi. Kwenye moja lilionekana jicho kubwa, kwenye nyingine nusu ya sharubu, na kwenye nyingine herufi za jina la mtu mashuhuri zilizokatwa katikati.

"Hayo yanakauka," alisema. Kisha akamgeukia mama aliyefuata kwenye foleni. "Lete mtoto."